Kombe la Bimkubwa

Jumamosi ile Shamte alitetemeka mpaka kiti kikalia. Hata nusu saa hakuwa ametimiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Walikwishamtupia blanketi mbili na bado meno yaligongana, na vidole vilikuwa vimepauka. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa chumba cha kungojea anavuta tasbihi, hana habari. Jumamosi zote zilikuwa hivyo: mkwewe Rahma yuko kazini, kwa hiyo yeye ndiye anayekuja na mwanawe, anakaa saa nne kwenye kiti cha plastiki, kisha wanarudi pamoja nyumbani Gaithersburg kwa gari la kliniki.

Aliyekuja kumwita alikuwa Chelagat, nesi wa Kikenya, mwanamke wa Eldoret, mrefu na mpole, mwenye mikono myepesi. Kwa miaka miwili ndiye aliyekuwa akimuunganisha Shamte na mashine, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Bimkubwa Kiingereza hakijui, na hakuwa na nia ya kukijua, basi kwake yeye Chelagat ndiye alikuwa Marekani nzima.

"Mama, kuja umshike mkono," Chelagat alisema. "Ameshikwa na baridi mbaya. Nimeshaita ambulance. Lakini kabla hawajampatia dawa yoyote nataka nitoe damu ya kuotesha maabara, nitoe kwa mkono na nitoe kwa mpira, ndio tujue ni nini kimeingia."

"Mbona asubuhi kala vizuri? Kala boflo na yai."

"Si chakula, Mama. Naogopa ni huu mpira."

Mpira wenyewe uliingia chini ya mfupa wa bega la kulia, ukateremka ndani ya mshipa mpaka mlangoni pa moyo, na ncha zake mbili zikabaki nje kifuani, zimefunikwa bandeji. Humo ndimo damu ya Shamte ilimotokea na kurudia. Mishipa ya mikono ilikuwa imekwisha kuharibika, na upande wa kushoto wa shingo umeziba. Madaktari walikuwa wamekwisha sema wazi kwamba huo ukiharibika, pa kuweka mwengine ni pa kubahatisha. Chelagat akatoa damu zake, akaandika saa kwenye kila chupa kwa mwandiko wa kusomeka, na wabebaji wa ambulance wakafika, wakazichukua pamoja na mgonjwa. Bimkubwa akapanda nyuma ya ambulance na viatu vya ndani alivyovivaa kwa ajili ya kliniki.

*

Rahma alifika hospitali na sare yake ya kazi, suruali ya zambarau na kitambulisho shingoni. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Germantown, kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasitoke vidonda. Mfanyakazi mmoja wa hospitali, mwanamke mwenye karatasi zilizobanwa kwenye ubao mkononi, akamuuliza maswali ya nyumbani kwake. Mnaishi watu wangapi? Choo mnasafisha na nini? Unajua namna ya kunawa mikono, nikuoneshe?

Rahma alijibu yote kwa adabu. Akanyoosha mikono yake, akaoneshwa namna ya kunawa, kati ya vidole na chini ya kucha, yeye ambaye hunawa mara sitini kwa siku kwa ajili ya wazazi wa watu wengine. Bimkubwa hakuelewa maneno ila aliona uso wa mkwewe, akajua kwamba mtoto wa watu kadharauliwa.

"Kakwambiaje?" akauliza.

"Hakuna kitu, Mama. Kazi yake."

Siku tatu za mwanzo Shamte alipewa antibayotiki mbili kali. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Kila wakimuunganisha na mashine anatetemeka upya. Daktari wake, mwanamke wa Kihindi anayezungumza upesi, akamweleza Rahma na Rahma akamfasiria mama mkwe: ni wazi kuna bakteria kwenye damu, lakini dawa hizi hazimgusi, na hawajui ni nani. Bila ya kujua ni nani, dawa ni kupapasa tu.

"Kwani hawawezi kumwona? Si wana mashine?" Bimkubwa aliuliza.

"Chupa za damu zimelia kwenye mashine kule maabara siku ya nne, maana yake kuna kitu kimeota ndani. Lakini wakimtazama kwa hadubini haonekani sawasawa, na wakimtia kwenye sahani haoti. Wengine wanasema ni uchafu wa ngozi tu, sahani zitupwe waanze upya."

"Na wengine?"

"Daktari anasema kuna mtu mmoja huko maabara amekataa kuzitupa. Kaziweka pembeni, penye joto dogo zaidi, anasema wamngoje kidogo."

Bimkubwa alimwombea dua mtu huyo hapo hapo, bila ya kujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Aliomba Mungu ampe macho.

Sasa tuseme ukweli, maana Bimkubwa mwenyewe baadaye aliusema. Nyumbani Gaithersburg, kwenye kabati la jikoni lililo juu ya jiko, nyuma ya mchele, kulikuwa na chupa ya kombe. Sheikh mmoja wa Wete aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi, na msafiri akaileta chupa mwezi wa sita. Kijiko kimoja Shamte alikunywa kila asubuhi, na kidogo alipakwa kwenye paji la uso. Hilo Rahma alilijua, na hakuwa na neno. Alitoa onyo moja tu, tangu siku ya kwanza: kwenye mpira, Mama, pasiguswe, wala tone la maji lisifike.

Lakini Shamte alikuwa akirudi kutoka kliniki hoi, analala sebuleni na mkono wake unakwenda wenyewe kujikuna pembeni mwa bandeji. Mama gani ataliona hilo akae? Bimkubwa alichukua pamba, akaichovya kwenye kombe, akanyanyua ncha ya bandeji taratibu asimwamshe, akapangusa. Alisoma huku anapangusa. Ilikuwa mara mbili kwa wiki, tangu mwezi wa saba. Na chupa ikipungua aliiongeza maji ya bomba, kama walivyofanya wakubwa zake wote, kwa kuwa kombe haliachiwi kwisha.

Akiwa hospitali siku zote hizo, chupa ile haikumjia akilini hata mara moja. Kwake yeye, ile ndiyo iliyokuwa ikimweka Shamte hai mpaka hapo.

*

Siku ya kumi na mbili, Jumatano, daktari aliingia akiwa na mwanamume mmoja mrefu wa Kimarekani, nesi wa kuzuia maambukizi. Mkalimani alikuwa ndani ya kioo cha video kilichofungwa kwenye mguu wa magurudumu. Hospitali ilisema mambo haya hayafasiriwi na jamaa. Kioo kikasukumwa mpaka mbele ya Bimkubwa, na ndani yake akatokea Mkenya mmoja mwenye miwani, akajitambulisha kwa jina la Mwaura.

"Hujambo, Mama," Mwaura alisema. "Daktari anasema kwamba bakteria imetambulika. Ni ya nadra. Iliota baada ya siku nyingi, ni vidoa vidogo vya rangi ya pinki. Mashine yao ya kawaida haikuijua, ikabidi wasome jeni zake. Jina lake ni refu, sitakusumbua nalo. Sasa wamebadilisha dawa, na hii mpya inafaa."

"Alhamdulillahi," Bimkubwa alisema. "Mwambie ahsante sana."

"Ila kuna mambo mawili. La kwanza, bakteria imejishika kwenye mpira, kwa hivyo mpira utatolewa leo. La pili, bakteria hii huishi kwenye maji. Hawatataka kuweka mpira mpya kabla hawajajua maji hayo yalitoka wapi. Sehemu iliyobaki ya kuweka ni moja. Wakiweka na chanzo kipo, itarudi palepale, na hapo hawatakuwa na pengine."

Rahma alikuwa amesimama mguuni pa kitanda. Shamte alifumba macho, lakini alikuwa akisikia.

"Anaweza kukaa siku ngapi bila ya mpira?" Rahma aliuliza, na Mwaura akauliza, na daktari akajibu kwa vidole. Tatu. Labda nne.

"Sasa, Mama," Mwaura aliendelea, "nesi anauliza: pale nyumbani, kuna majimaji yoyote yaliyogusa sehemu ya mpira? Maji ya kuoga, mafuta, dawa za kienyeji, kitu chochote?"

Hapo ndipo chupa ilipomjia. Ilimjia nzima, na kifuniko chake cha kijani na pamba iliyolala kando yake. Mbele yake kulikuwa na mwanamume asiyemjua ndani ya kioo, na mkwewe aliyemwonya kwa mdomo wake, na mwanawe kitandani. Na lililomtia hofu kuliko yote lilikuwa jengine: watu hawa watasema Kitabu cha Mungu ndicho kilichomdhuru mtoto. Wataandika hivyo kwenye makaratasi yao.

"Hapana," alisema. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Nimesema hakuna. Huwa anapanguswa mwili kwa kitambaa, na pale hapaguswi."

Nesi aliandika. Kioo kikazimwa, kikasukumwa kwenda kwa mgonjwa mwengine. Saa tisa walimtoa Shamte mpira, na jioni ile Bimkubwa hakula.

*

Siku ya pili yake Shamte alianza kuvimba miguu. Aliruhusiwa nusu gilasi ya maji kwa siku nzima, akayanywa kwa kulowesha midomo. Pumzi ilikuwa fupi, anasema maneno mawili anapumzika. Bimkubwa alikaa pembeni akihesabu pumzi zile. Mara tatu alifungua kinywa kumwambia Rahma, mara tatu Rahma akageuka kumtazama kwa macho mema, na mara tatu Bimkubwa akaishia kuuliza kitu chengine.

Mchana akaingia Chelagat. Hakuwa na sare. Alivaa gauni la kanisani na amebeba mfuko wa matofaa, kwa kuwa alijua vizuri kwamba mgonjwa wa figo hapelekewi ndizi. Rahma alikwenda kutafuta chai.

"Leo Alhamisi, Chelagat," Bimkubwa alisema. "Siku yako ya kazi."

"Kwa sasa sina siku, Mama. Wameniambia nikae home kwanza."

"Kwa nini?"

"Hii bakteria ni ya maji. Wamefunga kile chumba chetu, wanapima maji ya mashine zote. Wagonjwa wamegawanywa kliniki zingine, wengine wanaenda mpaka Columbia Heights na basi. Na huo mpira, mtu anaushika kila siku ni mimi. So wananiangalia mimi kwanza. Si kwa ubaya, ndivyo wanafanya."

"Wamekufukuza?"

"Bado. Wanangoja majibu." Akalivuta gauni juu ya magoti. "Nimekuja kumwona tu. Nimekuwa nikijiuliza, Mama, kila siku. Nilinawa? Nilipangusa zile sekunde zote? Nakumbuka nilifanya. Lakini mtu anaweza kusahau, halafu akajiambia alifanya. Kama ni mimi nilimletea hii, naomba mnisamehe."

Akainama kidogo aliposema hivyo, mwanamke mzima, mbele ya kitanda. Bimkubwa alimtazama na akaona haya ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe. Mtu aliyemshika mwanawe mkono miaka miwili anaomba radhi kwa kosa lililo si lake, na mwenye kosa amekaa juu ya kiti cha wageni anapewa matofaa.

"Hukukosea," alisema.

"Hatujui, Mama."

"Miye najua. Chelagat, sikiliza. Ni miye."

Rahma alikuwa mlangoni na vikombe vitatu. Bimkubwa alimwona, na hakunyamaza, maana alijua akinyamaza hapo hataweza tena. Alisema yote. Alisema chupa, na pamba, na ncha ya bandeji, na mwezi wa saba. Alisema alimdanganya yule bwana wa kwenye kioo. Alisema kwamba aliogopa Qur'ani isije ikasingiziwa, na aliogopa kuonekana mama aliyemuua mwanawe kwa mkono wake.

Shamte alikuwa amefumbua macho.

"Kumbe," alisema, akavuta pumzi, "nilikuwa naona naota." Akavuta nyengine. "Nikisikia unasoma. Nalala raha."

Bimkubwa aliinamisha uso kwenye shuka la mwanawe, akalia kwa sauti. Chelagat ndiye aliyemwinua. Bimkubwa alidhani atakuwa na hasira, na haki yake ingekuwa, lakini Chelagat alikuwa anafuta machozi na kucheka kidogo kwa pamoja, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Ahsante, Mama," alisema. "Unaelewa umesema nini? Sasa anaweza kuwekwa mpira. Ahsante sana. Hiyo chupa iko wapi?"

*

Rahma aliendesha gari kurudi nyumbani kuichukua chupa, magari ya I-270 yamebanana, mama mkwe kando yake amejifunga mkanda na mikono mapajani. Walipopita njia ya kutokea Rockville Bimkubwa hakuweza kustahamili.

"Nitukane, mwanangu. Uliniambia."

"Nilikwambia."

"Basi sema."

Rahma alipunguza mwendo, mkono mmoja kwenye gia.

"Mama, hukustaajabu chupa ile haiishi?"

"Nilikuwa naiongeza maji."

"Hata miye." Akameza mate. "Nikirudi kazini mgongo unaniuma, nachukua kijiko, nakunywa. Naona haya kukumalizia kombe la mwanao. Basi najaza bomba. Tangu mwezi wa saba na miye najaza."

Bimkubwa alimgeukia. Walikuwa wameishi nyumba moja mwaka mzima, na tangu mwezi wa saba kila mmoja anamficha mwenzake, huyu pamba, yule kijiko.

"Ungeomba," alisema.

"Ningeombaje? Mkwe wangu."

Bimkubwa alianza kucheka kwanza, cheko baya lenye machozi ndani yake, na Rahma akamfuata, mpaka dereva wa gari la pembeni akawatazama. Kisha Bimkubwa akaushika mkono wa Rahma ule ulio kwenye gia, ule ulionawishwa mbele ya watu hospitali, akaubusu. Hajawahi kufanya hivyo. Rahma akaendelea kuendesha.

Chupa waliitia kwenye mfuko wa plastiki safi na pamba zake kwenye mfuko mwengine. Yule nesi mrefu alizipokea kwa glavu, na kioo kikarudi, na Mwaura ndani yake.

"Mwambie nilimdanganya," Bimkubwa alisema. "Na wewe nilikudanganya. Mnisamehe."

Alingoja dharau. Alijiweka tayari kwa hiyo dharau, kitambaa cha kichwa amekikaza. Nesi aliuliza tu: mlikuwa mnaiweka wapi, penye joto au baridi? Mgonjwa aliinywa pia? Maji ya kuongezea ni ya bomba lipi? Kisha akasema kitu, na Mwaura akafasiri.

"Anasema maji ya bomba ni salama kuyanywa, Mama, ila si ya kupita kwenye mpira, na yakikaa wiki nyingi kwenye joto ndiyo bakteria huongezeka. Maandiko hayana kosa. Anasema asante, kwa sababu ilikuwa vigumu kusema, na umewasaidia wagonjwa wengi. Na mimi pia," Mwaura aliongeza kwa sauti nyengine, "mimi sina ruhusa ya kusema la kwangu hapa, lakini nasema asante."

Majibu ya hakika ya chupa yangechukua siku, lakini daktari hakuyangoja. Alisema maelezo yamekamilika, chanzo kimetoka nyumbani, na damu ya Shamte ya siku mbili haijaota kitu hadi sasa. Ijumaa asubuhi walimwingiza chumba cha upasuaji. Ilikuwa saa nzima, halafu nusu nyengine. Rahma na Bimkubwa walikaa wameshikana mikono. Daktari alipotoka alikuwa tayari amevua kofia.

Walikuwa wamepata njia upande ule ule wa kulia, juu kidogo ya pale pa kwanza. Jioni Shamte aliunganishwa na mashine na hakutetemeka. Walimtoa maji lita tatu, akaomba uji.

*

Wiki ya pili yake chumba cha kliniki kilifunguliwa, na Chelagat akaitwa kazini kwa simu na barua. Sahani ya maabara iliyotiwa maji ya chupa ya kombe ilikuwa imeota vidoa vile vile vya pinki, jeni zile zile. Mabomba ya kliniki yalikuwa hayana kitu. Siku ya kwanza ya Shamte kurudi kwenye kiti chake, wagonjwa wenzake, Msalvador mmoja na bibi wa Kimarekani anayefuma, waliuliza alikuwa wapi, na Chelagat akasema alisafiri.

Lakini Bimkubwa alikuwa na deni jengine moyoni. Siku ya kwenda kuonana na daktari alimwambia Rahma: "Nataka kumwona yule aliyekataa kuzitupa sahani."

"Mama, watu wa maabara hawaonani na wagonjwa. Wako chini huko, mlango una namba za siri."

"Basi nitasimama mlangoni. Wataingia na kutoka, si binadamu?"

Daktari alipofasiriwa ombi hilo alinyanyua simu mwenyewe. Akasema wateremke ghorofa ya chini, wangoje karibu na lifti. Shamte alikaa kwenye benchi pembeni, maana miguu ilikuwa bado haina nguvu. Bimkubwa na Rahma wakasimama mbele ya mlango wa kijivu.

Alitoka mwanamume wa makamo, mnene kidogo, koti jeupe limefungwa mpaka juu. Alitazama kanga ya Bimkubwa na sare ya Rahma, akasimama sawasawa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bimkubwa alisema kwa mshangao. "Kumbe ni mtoto wa kwetu?"

"Naitwa Godlisten, mama. Wa Machame. Niko hapa miaka kumi na mmoja."

"Ndiye wewe wa zile sahani?"

"Ndiye mimi." Alitazama chini. "Daktari ameniambia ni familia. Poleni sana, mama."

"Tushapoa, mwanangu. Hebu niambie kitu kimoja. Wenzako walikwambia utupe. Kwa nini hukutupa?"

Godlisten alifikiri, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Chupa zilikuwa mbili, ya mkono na ya mpira, na zote zililia. Ingekuwa moja ningesema uchafu. Na ile ya mpira ilitangulia mwenzake kwa saa sita. Hilo nililijua kwa sababu nesi aliyetoa aliandika saa kwa usahihi kabisa, wengi hawaandiki. Nikasema huyu yupo, amejificha kwenye mpira, ila hapendi joto letu. Nikamhamishia penye ubaridi. Jumamosi hakuna kitu, Jumapili hakuna kitu. Jumatatu nikaona vidoa vidogo hivi." Alionesha ncha ya kalamu. "Kila asubuhi nikifika kazini nilikuwa naanza na yeye. Mwenyewe nilimjua kwa namba ya sahani tu, sabini na mbili."

"Mungu akuzidishie macho," Bimkubwa alisema. "Akuhifadhie wanao."

"Amina, mama. Ila nasikitika. Huyu alichelewa sana kuota. Nilimwambia mke wangu, nadhani tumemjua tumekwisha chelewa." Alinyoosha kidole kuelekea ghorofa za juu. "Majibu yakishapanda juu, sisi hatuambiwi tena. Na familia haziji huku. Kwa miaka kumi na mmoja waliokuja mpaka hapa mlangoni ni wawili, na wote walikuja kwa sababu ya msiba, wanataka kujua. Ndiyo nasema poleni."

Rahma alimwelewa kwanza. Akaweka mkono mdomoni. Bimkubwa alichelewa kidogo, kisha akageuka kuelekea kwenye lifti.

"Shamte," alisema. "Njoo, baba."

Shamte aliinuka kwenye benchi. Hatua zilikuwa kumi na mbili au kumi na tatu, na alizipiga peke yake, mkono mmoja unapapasa ukuta. Godlisten alimtazama akija, akamtazama pale kifuani bandeji ilipotuna chini ya shati, akamtazama usoni.

"Ahsante, bwana," Shamte alisema. "Sabini na mbili ndiye miye."

Godlisten aliupokea mkono wa Shamte kwa mikono yake miwili, ukiwa na joto lake la kawaida, na akasahau kuuachia.